Fundi Asiyemjibu Mtu Aliye Juu ya Baiskeli

Fundi baiskeli wa Ijuganyondo hakuwa akimjibu mtu aliyekaa juu ya baiskeli. Ungesimama mbele ya kibanda chake, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali, ukauliza kama ana spoki. Ungeuliza tena. Ungepandisha sauti. Yeye angeendelea kuzungusha gurudumu lake na kulisikiliza, kana kwamba kilichopita ni upepo tu kutoka ziwani. Mpaka ushuke, uegemeze baiskeli ukutani na umsalimie kama mtu aliyelelewa, ndipo angeinua miwani na kushtuka: "Kumbe kuna mgeni! Karibu, waitu." Halafu angefungua kopo lake na kukupa punje mbili za kahawa kavu utafune, maana mazungumzo ndiyo kwanza yameanza, na spoki itasubiri.

Waliohamia mtaani walidhani ni kiziwi. Waendesha bodaboda walidhani ni mjeuri, na hao walikuwa karibu zaidi na ukweli.

Nimekuwa mteja wake kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nikimuuliza swali moja bila kupata jibu. Niseme mapema kwamba sikuwa mteja mvumilivu. Nimesoma chuo kikuu, naandika makala, na nimezoea kwamba swali likiulizwa vizuri, jibu huja. Yeye aliniita Nshomile, neno letu Wahaya kwa mtu aliyesoma na asiyewaacha wenzake wasahau kwamba amesoma. Alilitamka kwa upole, kama mtu anayetaja ugonjwa unaotibika.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Mdogo wangu anayeishi Ulaya aliniletea baiskeli ya milimani, baada ya daktari kunitazama tumbo, kisha goti, kisha tumbo tena. Pedali zake si za kukanyaga tu. Zinanasa kiatu. Chini ya soli unafunga kipande kidogo cha chuma, ukikanyaga kinalia "ko!" na mguu unakuwa kitu kimoja na baiskeli. Ukitaka kutoka, unasokota kisigino kuelekea nje. Faida yake ni kwamba mlimani unasukuma chini na kuvuta juu, na mguu hautelezi hata barabara ikiwa mashimo matupu. Hasara yake nitaieleza, kwa sababu nina makovu.

Aina zake ni nyingi, lakini mimi nilikwama kati ya mbili. Ya kwanza ina mdomo wa springi, kama mtego wa panya, na skrubu ndogo ya kuulegeza au kuukaza. Udongo mwekundu wa kwetu ukiingia humo wakati wa mvua, unakaa kama mgeni aliyesikia kuna senene jikoni. Ya pili haina mdomo. Ina mabawa manne ya chuma, mfano wa kile chombo cha kupigia mayai. Tope linapita katikati na kuanguka. Lakini haina skrubu, inashika kadiri walivyoamua kiwandani, na vipande vyake vya chini ya kiatu ni vya shaba laini. Vinalika haraka, na Bukoba nzima sijawahi kuviona dukani. Mdogo wangu, baada ya kusikia malalamiko yangu juu ya ile ya kwanza, alinitumia na hii ya pili, pamoja na ujumbe: "Jaribu zote, kaka, halafu uchague." Uchague! Watu wanaoishi karibu na maduka hulitumia neno hilo bila huruma.

Kwa hiyo nikawa nakwenda kwa Fundi. Nichukue ipi, ya mdomo au ya mabawa? Hilo tu.

Kwangu haukuwa mchezo. Marehemu baba alikuwa akitoka Bukoba kwenda kwetu Ijumbi, kule Muleba, kwa baiskeli. Mama bado yuko pale pale, kwenye kibanja chetu kati ya migomba na mibuni, na kila niliposhuka kwenye gari aliniambia neno lile lile: "Baba yako alifika kwa miguu yake, jua likiwa bado juu. Wewe una injini, unafika giza." Krismasi moja, nikiwa nimeshiba, niliapa mbele ya ukoo mzima kwamba nitakuja Ijumbi kwa baiskeli. Mama akacheka. "Basi fanya haraka," akasema, "ningali naweza kusimama getini." Kila mwaka baada ya hapo nilimkuta amesimama getini, na kila mwaka alikuwa ameliegemea geti zaidi kidogo. Na daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba mguu ukiteleza kwenye pedali nikiwa nimeweka uzito wote, goti hilo nisilitegemee tena.

Nilimweleza Fundi haya yote. Alisikiliza, akatafuna kahawa yake, akauliza: "Ukikutana na mtu, unashukaje?"

"Mtu gani?"

"Mtu. Wa kusalimiwa."

"Fundi, nauliza habari za mlima."

"Na mimi nauliza habari za njia."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nilimpelekea simu yenye maelezo ya wataalamu: pedali hii inaachia kisigino kikisokotwa nyuzi ngapi, ile inaruhusu kisigino kucheza kiasi gani, ipi inavumilia tope. Nilimtafsiria kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu kwa Kihaya, nikitoka jasho. Aliisogeza simu mbali na macho, akaikaribisha, akairudisha. "Hawa walioandika," akasema, "wanaishi peke yao?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu aliyepeleka mtihani kusahihishwa akaulizwa nani alimkata nywele.

Msidhani namsifia. Kulikuwa na siku nilitamani kumpiga kwa pampu. Alikuwa mbishi, na mara nyingine alikosea kabisa. Aliamini kwamba baiskeli yenye gia nyingi humdanganya mwenyewe kuhusu umri wake. Alikataa kukiri kwamba tairi inaweza kutoboka bila mpandaji kuwa na kosa. Jumapili hakushika spana, kwa sababu ni siku ya Bwana, lakini baada ya ibada alizunguka uwanja wa usharika akibonyeza tairi za waumini kwa dole gumba, huku wao wakimnyooshea mkono wasalimiane. Alizilaani pikipiki kwamba zinawafanya watu wapitane kama ng'ombe mnadani, lakini mvua ikinyesha alipanda bodaboda kama sisi wote. Ila alimsimamisha dereva kila alipomwona mtu anayemjua, akashuka, akasalimia, akauliza habari za mgonjwa, akapanda tena. Ilifika mahali madereva wakimwona kwa mbali wanageuza.

Na mimi nilimpa sababu za kunicheka. Siku nilipobadilisha pedali mwenyewe nyumbani, nikafunga ya kulia vizuri, nikaja ya kushoto. Ikagoma. Nikatia mafuta, nikatia nguvu, nikatia na matusi ya Kiingereza. Ikaingia, na kuingia kwenyewe kukawa ndiko kuharibika, maana nilikuwa nimezisaga nyuzi zote za skrubu kwenye mkono wa pedali. Fundi alipoona, alivua miwani ili apate kucheka vizuri.

"Nshomile! Huko chuoni hamkufundishwa kwamba ya kushoto hufungwa kinyume?"

"Nilisomea historia, Fundi."

"Basi hii nayo ni historia. Niachie hapa."

Jambo lililonichosha zaidi ni mguu wake mwenyewe. Fundi alikuwa na mguu wa kushoto mwembamba, tangu utotoni, na haukuweza kutulia kwenye pedali. Kwa hiyo kwenye pedali ya kushoto ya baiskeli yake kuukuu alikuwa amefunga kipande cha tyubu nyeusi, kitanzi kilichopita juu ya kiatu, ncha yake ikining'inia kama ulimi wa mbwa. Yaani mtu huyu aliyenikejeli kwa kujifunga kwenye baiskeli alikuwa amejifunga kwenye baiskeli kabla sijajua kusoma.

Nilimwambia hivyo. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo.

Hakutikisika. Alipanda baiskeli yake, akaenda hadi kwenye kona, akarudi. Mbele yangu akautoa mguu kwenye kitanzi na kushuka, vyote kwa pamoja, kama mtu anayevua kofia. "Mpira ukiuvuta unakuja," akasema. "Haukuulizi unaenda wapi. Hizo kwato zako zinakuuliza."

Kwato lilikuwa jina lake la vile vipande vya chini ya viatu vyangu, kwa sababu ya mlio wake kwenye sakafu ya saruji. "Leo umekuja na kwato?" angeuliza kabla sijaonekana mlangoni.

Kwato za mdomo ziliniangusha Izimbya. Nilikwenda huko kwa mazoezi, baada ya mvua, nikijisikia kijana. Kwenye njia nyembamba kati ya migomba nikakutana na bibi mmoja mwenye jembe begani. Mtu hapiti mbele ya mzee akiwa juu ya baiskeli. Hilo hata mimi nalijua. Nikafunga breki nishuke. Mdomo ulikuwa umejaa tope, kisigino kikasokotwa, mguu haukutoka. Nilianguka polepole, kama mgomba ulioondolewa mhimili, nikalala kifudifudi miguuni pake, baiskeli juu yangu.

Bibi alishusha jembe. "Inatosha, mwanangu," akasema, "nimepokea. Siku hizi vijana hamsalimii hivyo tena."

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili.

Fundi aliposikia habari hiyo hakucheka, nami nikashangaa. Alichukua bisibisi, akalegeza skrubu za midomo yote mpaka mwisho. "Ziache hivyo," akasema. Nikamuuliza kama hilo ndilo jibu, kwamba nichukue za mdomo. "Nimesema ziache hivyo," akasema. "Sijasema uzichukue."

Za mabawa zilikuwa na vituko vyake. Tope hazikulijali, na kushuka kulikuwa rahisi. Nilidhani nimepona. Lakini shaba ilipolika, zikaanza kuachia zenyewe, tena mlimani, tena wakati wa kuvuta. Mara mbili pedali ilinipiga kwenye mfupa wa mguu mpaka nikaona mchana nyota zisizo na majina. Mara ya pili goti lilijipinda, nikalala wiki moja nimelifunga bandeji, mama akiuliza kwa simu kama baiskeli imekwama Ulaya.

Hapo Fundi alifanya jambo ambalo sijalielewa mpaka leo. Alizichukua kwato zangu zilizolika, akatafuta kufuli kuukuu la shaba, akalikata, akakaa siku tatu na tupa, akichonga. Siku tatu, kwa ajili ya kitu alichokidharau. Alipomaliza, kwato mbili mpya ziling'aa kama mali ya kanisa. Alizinusa, sijui kwa nini, kisha akanipa.

Zilidumu mpaka Jumapili. Moja ikavunjika nikiwa naelekea ibadani. Aliponiona nakokota baiskeli, alijua. Wiki nzima hakunisemesha, kisha akatoa hukumu: "Unakanyaga kama mtu anayeua nyoka." Lakini mwenzangu mmoja wa kwaya aliniambia kwamba alimkuta kibandani na ile iliyovunjika mkononi, akiigeuza-geuza, akijisemea kwamba shaba ya kufuli ina mchanganyiko mbaya. Kwamba angepaswa kujua.

Basi nikabaki na za mdomo, kwa sababu za mabawa hazikuwa tena na kwato. Huko si kuchagua. Nilimwendea mara ya mwisho nikiwa na uchovu wa kweli. Nikamwambia mama sasa anashika geti kwa mikono miwili. Nikamwambia sitaki hekima, nataka jibu: hizi zitanifikisha, au niagize nyingine?

"Kufika utafika," akasema.

"Kwa hiyo ni hizi?"

"Ukikutana na mtu, unashukaje?"

Niliondoka bila kuaga. Na jioni ya kuamkia safari, nikiwa na mawazo ya goti langu na mlima, nilichukua bisibisi nikakaza skrubu zote mbili. Zilipokuwa zimelegea nilihofia mguu ungechomoka kama kwenye zile za mabawa. Nilizikaza mpaka kiatu kilipoingia kwa mlio wa mlango wa benki.

Nikaondoka alfajiri. Mvua nyembamba ilikuwa ikianguka. Nikapita Kyetema, nikapita Kemondo, na kwa mara ya kwanza tangu niijue baiskeli ile kila kitu kilikubali. Mguu unasukuma, mwingine unavuta, goti limenyamaza. Nilipofika kwenye mlima wa Muhutwe nilikuwa na mwendo ambao mtu wa umri wangu hupewa mara moja, naye hapaswi kuuliza umetoka wapi.

Katikati ya mlima kulikuwa na mzee amevaa koti la mvua lenye kofia, anakokota baiskeli iliyofungwa mzigo nyuma. Aliposikia mlio wangu, alijisogeza pembeni, akasimama, akainua mkono.

Nilifikiri kushuka. Nataka hilo lijulikane. Lakini nilijua nikisimama kwenye mteremko ule, na skrubu zile, ama nitaanguka ama sitaweza kuanza tena. Mwendo wote ungepotea. Nikapaza sauti, "Shikamoo, mzee!" kwa furaha nyingi, nikapita. Alisema kitu. Sikukisikia.

Jicho lilikuwa limeona kitu, ila akili ilikuwa kwenye mapafu. Nilifika juu kabisa ndipo kikanifikia: kwenye pedali ya kushoto ya baiskeli ile, kipande cha tyubu nyeusi kilikuwa kinaning'inia kama ulimi wa mbwa.

Nikafunga breki, nikashika nguzo ya alama ya barabarani ili nisianguke, nikatazama nyuma. Barabara inapinda pale, hakuonekana. Kumrudia ilikuwa kushuka nusu ya mlima na kuipanda upya, na goti lilikuwa na mlima mmoja tu ndani yake. Nilisimama pale kwa muda ambao ungetosha kufika kwake. Kisha nikaendelea.

Nilifika Ijumbi jua likiwa bado juu. Mama alikuwa getini, mikono miwili juu ya ubao. Alinitazama mpaka niliposimama mbele yake, akatazama baiskeli, akatazama jua. "Haya," akasema, "umefika," na akanishika uso kwa viganja vyote viwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tulipomzika baba. Niliyataka hayo kwa miaka mingi, na niliyapata. Kisha, kama anavyomuuliza kila mtu anayeingia kwake, akauliza: "Njiani umekutana na nani, mwana wange?"

"Hakuna mtu, mama."

"Njia yote hiyo?" akasema. "Hakuna mtu?"

Nilirudi Bukoba kwa gari, baiskeli ikiwa juu ya mizigo. Kwa wiki mbili nilipita barabara nyingine. Nilisikia kwamba Fundi alikuwa amekwenda Muhutwe kwenye msiba wa wakwe zake na amerudi salama. Nikajipangia maneno. Ningeeleza habari ya mvua na ile kofia, na skrubu pia. Nilikuwa tayari kwa kejeli, na kwa kweli nilikuwa nazitamani. Kisha waya wa breki ukakatika, nikapata kisingizio.

Nilifika mbele ya kibanda chake mchana. Mguu wa kulia ulitoka, nikaukanyagisha chini. Wa kushoto ulibaki umenaswa. Kwa hiyo nilisimama pale mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali, nikihangaika na kisigino. Kopo la kahawa lilikuwa pembeni yake, limefunikwa.

Aliinua miwani kabla sijafungua mdomo.

"Za mdomo," akasema.

Sikuelewa. "Fundi?"

"Si ulikuwa unauliza? Chukua za mdomo. Skrubu iache ilivyo, imekaza. Mlimani zilikwenda vizuri sana, niliona. Za mabawa achana nazo, hazikufai."

Lilikuwa jibu kamili, na sababu yake, na kipimo cha skrubu. Mtu angeweza kuliandika.

"Shikamoo, Fundi," nikasema, nikisokota kisigino kwa nguvu zote. Mguu haukutoka.

"Marahaba," akasema, akashusha miwani na kulirudia gurudumu lake. "Usishuke."